Nyumba ya Mjini na Jasho la Shamba

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kukutana leo tukiwa na afya njema na tukiwa na chama. Miaka kumi si mingi katika umri wa mkarafuu, kwani mti wa miaka kumi ndiyo kwanza umeanza kumjua mwenyewe. Lakini katika umri wa ushirika ni miaka ya kutosha kumtambulisha mtu aliyekuja kupanda na mtu aliyekuja kuchuma. Wote waliomo katika ukumbi huu ni wapandaji, nasi twawapa hongera.

Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja ambalo kwa muda sasa limekuwa likizungumzwa katika vyama vyetu vya msingi, barazani, na hata penye majamvi ya kuanikia karafuu. Jambo lenyewe ni nyumba za mjini. Limetujia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mwanachama mmoja mmoja, ambaye akiisha kupata fedha ya mavuno, au akiisha kumpata mtu wa kununua kipande cha shamba lake, hutaka kununua nyumba au kiwanja katika mitaa ya Unguja Mjini. Njia ya pili ni ya Chama chenyewe, maana yapo mapendekezo kwamba sehemu ya akiba yetu ya miaka kumi itolewe kununua nyumba katika mitaa ya Ng'ambo, na Mkutano huu utaombwa utoe uamuzi wake. Hatukuja kuwashawishi wala kuwatisha. Tumekuja kuliweka jambo hili mizanini, ili kila mwenye kuinua mkono wake aujue uzito wa anachokiinulia.

KWA NINI MKULIMA AUTAZAME MJI

Baadhi ya wazee wetu husema kwamba mkulima na mji wapi na wapi; mwenye jembe na akae na jembe lake. Neno hili lina hekima, nasi tutalirudia mbele. Lakini kwanza tuitazame nchi yetu kama ilivyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 893,169, na Zanzibar nzima ilikuwa na watu 1,889,773. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi mkoa huo mmoja umeongezeka karibu watu laki tatu, na sasa karibu nusu ya Wazanzibari wote wanaishi humo. Watu hao hawakuteremka kutoka mbinguni. Wengi wao ni watoto wetu na wajukuu zetu.

Tena tukisema kwamba sisi wa shamba hatuna nyumba za mjini, tusidhani kwamba hatuzilipii. Mwanafunzi wetu anayesoma mjini hupanga chumba. Mama anayekwenda kulala na mgonjwa wake katika hospitali ya Mnazi Mmoja hutafuta pa kuweka kichwa. Mwanachama anayepeleka ndizi, muhogo na nazi katika masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, akikosa gari la kurudia, hulala kwa watu. Kwa kila chumba hulipwa kodi, na aghalabu hutakiwa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo mmoja, tena dalali naye ana chake. Fedha yote hiyo ni fedha ya shamba, nayo ikiisha kuvuka Darajani hairudi.

Iko sababu nyingine. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huja mwaka wa neema, ukafuatiwa na miaka ya kukalia mikono. Bei nayo haimo katika mikono yetu. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka miaka ya 1980, pale Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipojitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na bei ikaporomoka hata watu wengine wakaacha kuchuma. Na kabla yao, babu zao walisimuliwa habari za tufani ya mwezi wa Aprili 1872, iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja kwa siku moja. Mtu mwenye mti mmoja tu wa kutegemea huishi kwa wasiwasi. Kwa hiyo kutaka pato la pili, lisilotegemea mvua wala soko la ng'ambo ya bahari, si tamaa bali ni busara. Linalotutatiza si kama tuitake nyumba ya mjini, bali ni namna ya kuipata bila ya kupotea.

KISA CHA UDONGO WA NG'AMBO

Wanachama wengi wanapopelekwa kuonyeshwa nyumba hutazama mlango, rangi, mabati na vyumba. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nyumba njema si mlango. Nasi twaongeza kwamba nyumba njema si hata kuta. Nyumba huanza katika udongo inaposimama. Hakuna mahali panapolifundisha somo hili kuliko Ng'ambo yenyewe.

Jina la Ng'ambo lilitokana na hori la maji ya bahari lililoutenga mji wa mawe na upande wa pili. Watu walivuka kwa daraja, na ndiyo maana hata leo twasema Darajani, ingawa hori lenyewe lilikwisha kufukiwa na hapana daraja tena. Upande ule wa pili walikaa wavuvi, wapagazi, waashi, watumishi wa majumbani, na watu waliotoka utumwani wakaja kuanza maisha mapya. Walijenga nyumba za miti na udongo, wakaziezeka makuti, na wanawake wengi walikuwa miongoni mwa wenye nyumba hizo. Mama alikaa chumba kimoja, akapangisha vyumba vilivyosalia, akala na kuvaa kwa kodi yake. Huo ndio uliokuwa uwekezaji wa kwanza wa mtu mnyonge katika mji wetu, nao ulifanywa kwa akili nyingi.

Lakini ulikuwa na ila moja. Kuta zilikuwa zake, udongo haukuwa wake. Mwenye ardhi alikuwa mtu mwingine, naye alidai kodi ya kiwanja. Maadamu kodi ilikuwa ndogo watu waliishi kwa amani. Ilipozidi kupandishwa, mwenye nyumba alijikuta hawezi kulipa, wala hawezi kuibeba nyumba yake kichwani akaondoka nayo. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kwa umoja wao kulipa kodi za viwanja, na mgomo huo ukaitikisa Serikali ya kikoloni hata ikatungwa sheria ya kuzuia kodi hizo zisipandishwe ovyo. Twaomba wanachama walitie moyoni jambo hili: hawakushinda kwa sababu mmoja wao alikuwa tajiri, walishinda kwa sababu walisimama pamoja. Walifanya kazi ya ushirika kabla ya kuandikishwa na Mrajis.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ilifanywa kuwa mali ya umma chini ya Serikali. Huku shamba zikagawiwa eka tatu tatu kwa wakulima. Kule mjini kodi ya kiwanja kwa bwana wa ardhi ikawa kisa cha kuhadithiwa. Na Sheria Nambari 12 ya mwaka 1992 ikaeleza kwamba anachopewa Mzanzibari ni haki ya kuitumia ardhi, kwa masharti yake. Kwa hiyo anayekuambia, "Nakuuzia ardhi hii," muulize kwanza anayo haki gani mkononi, na ameiandikisha wapi.

MASWALI MATANO YA KUULIZA KABLA YA KUTOA SHILINGI

La kwanza: Hati iko wapi, na imeandikwa jina la nani? Karatasi iliyoandikwa barazani mbele ya mashahidi wawili ni kumbukumbu ya mapatano, lakini haitoshi. Sheria ya mwaka 1994 ilianzisha Bodi ya Uhaulishaji Ardhi ili mauzo yasifanyike gizani. Yafaa mnunuzi aende mwenyewe katika ofisi za ardhi akathibitishe, wala asitosheke na maneno ya dalali, kwani dalali hulipwa siku ya kuuza, na hatafutwi siku ya kudaiwa.

La pili: Je, nyumba hii ni ya mirathi? Nyumba nyingi za Ng'ambo na za Mji Mkongwe ni za marehemu ambazo hazijagawiwa. Mtoto mmoja aliyeko hapa huuza, na dada yake aliyeko Pemba, na ndugu yake aliyeko Maskati au Mombasa, hawana habari. Kila mrithi ana fungu lake lililotajwa na sheria ya Mwenyezi Mungu, na fungu la asiyekuwapo haliuzwi na aliyepo. Mnunuzi na adai kuona uamuzi wa mirathi na ridhaa za warithi wote. Asipofanya hivyo atakuwa amenunua kesi, wala si nyumba.

La tatu: Je, ni wakfu? Wapo watu wema waliotangulia ambao waliziweka nyumba zao wakfu kwa ajili ya misikiti, vyuo, maskini, au kizazi chao. Mali ya wakfu haiuzwi kama bidhaa ya dukani, na iko Kamisheni ya Serikali inayoisimamia. Mwenye kuinunua kwa siri hupoteza fedha yake duniani na huenda akaulizwa kesho akhera.

La nne: Mpango wa mji unasemaje? Mji wetu umepangwa mara nyingi: mwaka 1923, mwaka 1958, mwaka 1968, mwaka 1982, na tena katika miaka ya karibuni. Kila mpango una barabara zake na majengo yake, na nyumba inayoonekana imetulia leo huenda imepitiwa na mstari katika ramani. Kuuliza ni bure. Kubomolewa si bure.

La tano: Maji ya mvua yanapita wapi? Swali hili haliandikwi katika hati, lakini mkulima ndiye anayefaa kuliuliza, maana ndiye anayejua bonde ni nini. Viko viwanja vinavyouzwa kwa bei nafuu mwezi wa Januari, ardhi ikiwa kavu na majirani wamenyamaza. Nenda ukavitazame masika, kuanzia Machi hadi Mei. Watazame wenyeji wanaweka vitanda vyao juu ya mawe, na utaujua unafuu wa bei ulitoka wapi. Tena usiende na dalali. Nenda kwa sheha, kisha ukae na mwanamke mzee aliyekaa mtaani miaka mingi, naye atakueleza mpaka wa maji, mpaka wa ukuta na mpaka wa ugomvi.

MAWE, MATOFALI NA GHOROFA

Nyumba za mjini kwetu ni za namna tatu, na kila moja ina raha yake na gharama yake.

Nyumba ya Mji Mkongwe ina heshima kubwa, na tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Adui wa nyumba hiyo ni maji. Paa likivuja, maji hunywewa na ukuta, boriti huoza pale ilipoingia ukutani, na siku moja dari huja chini. Kuziba kwa saruji si dawa, kwani saruji huufungia unyevu ndani, na chokaa ya zamani ikalika kimyakimya. Fundi anayejua kazi hukanda chokaa. Wala mwenye nyumba hana uhuru wa kujenga apendavyo, maana iko Mamlaka ya Mji Mkongwe ambayo ruhusa yake ni lazima. Beit al-Ajaib, jumba la fahari lililojengwa mwaka 1883, lilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafariki. Ikiwa jumba lile limeanguka mbele ya macho ya ulimwengu, nyumba ya mkulima isiyokuwa na fedha ya matengenezo itasimama na nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa mawe na chokaa ni ghali kuujenga.

Ghorofa za Michenzani zilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ili watu wa Ng'ambo waondokane na vibanda. Ni majengo marefu yaliyonyooka kama treni, na nia yake ilikuwa njema. Lakini yametufundisha kwamba katika ghorofa kuna vitu visivyokuwa vya mtu: ngazi, paa, bomba la maji machafu na tangi. Kila mmoja hufagia kwake, na ngazi hungoja Serikali. Pampu ikisimama, ndoo hupandishwa kichwani hadi ghorofa ya juu. Mwenye kununua fleti siku hizi, ya zamani au mpya, asiulize bei ya mlango wake peke yake. Aulize nani anayekusanya mchango wa ngazi na paa, na daftari lake liko wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nyumba ya tatu ni ile ya kawaida ya Ng'ambo: ya chini, ya matofali na mabati, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma penye jiko na choo. Haina fahari, lakini fundi yeyote wa mtaani huweza kuitengeneza, chumba kimoja kikiwa kitupu vingine hulipa, na mtu wa shamba akilala humo halali kama mgeni. Kwa ajili ya sababu hizo, nyumba inayopendekezwa kwa Chama chetu ni ya namna hii.

HESABU KWA DAFTARI, SI KWA MATUMAINI

Tufanye hesabu ya mfano tu, maana bei hubadilika mtaa kwa mtaa. Tuseme nyumba imenunuliwa kwa shilingi 40,000,000, nayo ina vyumba vitano vya kupangisha, kila kimoja kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima ni shilingi 3,000,000. Sasa toa mwezi mmoja ambao vyumba havina watu: shilingi 250,000. Toa fungu la matengenezo: 300,000. Toa ada za Serikali, usafi na mengineyo: 150,000. Kinachobaki ni shilingi 2,300,000. Fedha iliyotolewa itarudi baada ya miaka kumi na saba na zaidi. Hii si habari mbaya. Mkulima aliyepanda mnazi anajua kungoja. Lakini ni habari tofauti na ile ya dalali.

Na sasa tufike pale penye uchungu. Tuseme mwanachama aliipata fedha hiyo kwa kuuza shamba, na shamba hilo lilikuwa likimpa, baada ya gharama, karafuu, nazi na muhogo wa shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Basi nyumba haikumwongezea 2,300,000, bali 800,000 tu, yaani haifiki shilingi 67,000 kwa mwezi. Kwa ongezeko hilo ameacha chakula ambacho hakukinunua, kuni ambazo hakuzilipia, na mahali ambapo mjukuu aliyeshindwa na mji angeweza kurudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini mwenye kuuza ngama atarejea wapi? Tena eka zilizogawiwa na Serikali zilitolewa ili zilimwe, kwa masharti yake, hazikutolewa zigeuzwe bidhaa. Hapa ndipo neno la wazee wetu linapopata nguvu yake. Nyumba ya mjini na ilishwe na ziada ya shamba, isile shamba lenyewe.

WAGENI NA WAKAAZI

Wako wanaosema kwamba kodi ya mpangaji ni ndogo, na kwamba faida iko katika kulaza watalii kwa fedha za kigeni. Hatukatai kwamba wako waliofaulu. Lakini tukumbuke kwamba mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme wa gridi, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa miezi mitatu. Nyumba za wageni ziliendeshwa kwa majenereta au zilifungwa. Na mwaka 2020, maradhi ya korona yaliposimamisha safari, vitanda vilivyotandikwa kwa ajili ya watu wa mbali vilikosa wa kuvilalia. Mwalimu, muuguzi, mwanafunzi na muuza samaki hawakuondoka. Walibaki mjini, na walihitaji chumba. Sisi tunaotegemea karafuu tayari tunalitegemea soko la ng'ambo ya bahari. Si busara pato letu la pili nalo likaning'inia katika kamba ile ile.

MWENYE NYUMBA AWE MTU WA NAMNA GANI

Lipo jambo ambalo haliingii katika hesabu, lakini huenda ndilo kubwa kuliko yote. Siku Chama chetu kitakaponunua nyumba, sisi tuliozoea kuwa wapangaji tutakuwa wenye nyumba. Watakuwapo watu watakaotetemeka mwisho wa mwezi wakitusikia tunabisha hodi. Je, tutawadai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, kama tulivyodaiwa? Tutaacha choo kifurike kwa kuwa hatulali humo? Itakuwa aibu kwa watu wa ushirika kuwatenda wenzao yale ambayo watu wa Ng'ambo waliyakataa mwaka 1928.

Mtaa wa Ng'ambo haukai kwa kuta peke yake. Unakaa kwa baraza ambapo wazee hupatanisha, kwa jirani anayekopesha chumvi, kwa watu wanaochukua jeneza bila ya kuuliza marehemu alikuwa wa wapi. Mwenye nyumba asiyekaa mtaani, asiyezika na wenzake wala kuchangia taa ya njia, hata akiwa na hati saba atabaki kuwa mgeni. Kwa hiyo msimamizi wa nyumba yetu na awe mtu anayelala humo humo.

RAI ZETU KWA MKUTANO

Ndugu wanachama, mwaka 1844 watu 28 wa Rochdale katika Uingereza, wakiwamo wafuma nguo, walianzisha duka lao kwa mchango wa pauni moja kila mtu, na wengine waliichanga pauni hiyo kwa peni mbili mbili kwa wiki. Duka ndilo tunalolisikia sana, lakini katika makusudio waliyoyaandika lilikuwamo pia kusudio la kununua au kujenga nyumba za kukaa wanachama, na kusudio la kupata ardhi ya kulimwa na wenzao wasiokuwa na kazi. Nyumba na shamba waliviandika katika karatasi moja. Hawakuona kwamba kimoja ni adui wa kingine.

Kwa kuufuata mwendo huo, twaleta rai tatu.

Rai ya kwanza: Chama kinunue nyumba moja ya kawaida katika mitaa ya Ng'ambo, kwa fedha ya ziada peke yake, bila ya kugusa fungu la pembejeo wala malipo ya wanachama ya msimu, na bila ya kuweka shamba lolote rehani. Fedha isitolewe mpaka maswali matano tuliyoyataja yamejibiwa kwa maandishi na kusomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi.

Rai ya pili: Vyumba viwili kati ya vitano viwekwe kwa ajili ya watoto wa wanachama wanaosoma, na wanachama wanaolala mjini kwa biashara au kwa kuuguza, kwa nusu ya kodi. Katika mfano wetu pato litapungua kwa shilingi 600,000 kwa mwaka. Twasema waziwazi kwamba upungufu huo upo, ili asije mtu mwaka ujao akauliza umetoka wapi. Ni bei ya kumwekea mwenzetu pa kulala, nasi twaiona ni bei ya halali.

Rai ya tatu: Fungu la matengenezo litengwe kabla ya gawio, lisiguswe kwa sherehe wala kwa safari za viongozi, na hesabu ya nyumba isomwe katika kila Mkutano Mkuu pamoja na hesabu ya karafuu.

Ama kwa mwanachama anayetaka kununua peke yake, hatuna amri juu yake. Mali ni yake na akili ni yake. Twamwomba tu aje ofisini kabla ya kutoa arubuni, akae na Katibu, waipitie hati pamoja. Kikombe kimoja cha kahawa kimewaokoa watu wengi.

Ikiwa Mkutano utakataa rai hizi, hatutanuna, kwani kukataa kwa hoja ni sehemu ya ushirika. Ikiwa utakubali, basi tukubali na kazi yake. Walioanzisha Chama hiki waliweka shilingi wasizokuwa na uhakika wa kuziona tena. Nasi tuweke tofali ambalo watakaoadhimisha miaka ishirini watalikuta limesimama, na huku nyuma mashamba yao yamesimama vile vile.

Mwenyezi Mungu atujaalie mvua ya wakati wake, bei ya haki, na nyoyo za kuaminiana.